Shangazi wa Chumba cha Kuchorea

Mheshimiwa Meya wa jiji hili, Mkuu wa Chuo cha Sanaa, walimu wa chuo, mafundi wa karakana za ukingo wa mto, mliofunga milango yenu mapema leo ili muwe nasi, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama yetu mchongaji, uliyeketi hapo mbele: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache kabla utepe haujakatwa. Mkuu wa Chuo aliniambia, "Mama, dakika kumi tu." Sikumwahidi. Mimi ni mkunga, na katika kazi yetu atakayeahidi muda ni mgeni wa kazi.

Najua wengi wenu mnajiuliza, huyu ni nani? Si mchoraji, hakusoma hapa, hata jiji lenyewe si lake. Ni kweli. Nimesimama hapa kwa sababu ya kile kichwa cha plasta kilichofunikwa kitambaa, ambacho wanafunzi wa chuo hiki, kizazi baada ya kizazi, wamekichora na kukiita Shangazi. Kwenu ninyi ni Shangazi. Kwangu mimi ni mama yangu mzazi, na naomba niwaeleze tulivyokutana naye tena.

Mama alikuwa dobi. Hakupenda kupigwa picha, na zile chache alizokubali zilikuwa kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, yule pale karibu na dirisha, anayejifanya haangaliwi. Kazi yake ni kuezeka mapaa. Lakini kinyozi hajinyoi. Mama alipokwisha kufariki, paa la fundi lilivuja msimu mzima wa mvua, na likachagua kuvuja juu ya sanduku hilo. Tulipolifungua, picha zilikuwa zimegandana kama tofali. Tukajaribu kuzibandua, uso ukabaki huku, karatasi ikabaki kule, na uliobaki haukuwa uso wa mtu.

Mdogo wangu alichukua ngazi. Alipanda juu akaziba paa. Baadaye binti yake akamuuliza, "Baba, bibi alikuwa anafananaje?"

"Alikuwa mzuri."

"Hilo ulishasema jana."

Ndipo akaja kwangu. Akakaa mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Dada, namsahau mama. Sauti ninayo, mikono ninayo, lakini uso unaniponyoka. Wewe bado unao?" Nikamwambia ninao. Lakini ndugu wageni, uso ulio kichwani mwako utamgawia vipi mwenzako?

Mama yetu mdogo ndiye aliyetufungua macho. Tulikuwa kwake tunalalamika, akatukata kauli: "Si kuna yule msichana wa chuo aliyemfinyanga?" Tukamtazama. "Mama yenu alikuwa anafua nguo za bweni kule jijini, pale mtoni, kabla hamjahamia huku, wewe mkubwa ukiwa ndiyo kwanza unatembea. Msichana akamwomba akae, amfinyange kichwa. Ninyi hamkuwahi kusikia habari ya kazi ya kukaa?"

Tulikuwa tumeisikia maisha yetu yote! Kila tulipojidai kuchoka, mama alikuwa akisema, "Mimi niliwahi kuajiriwa nikae, na nilikaa vizuri, hawakuwa na la kunilaumu." Tulidhani ni utani wake tu.

Tukaomba ruhusa kazini, kila mmoja kwake, tukaja kukaa siku chache. Tulifikia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya daraja, chumba chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama maji. Asubuhi tulishuka mtoni, na hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunatafuta sindano shambani, na hata shamba lenyewe hatukulijua. Mtaa huu ninyi mmeuzoea. Sisi tuliona maghala ya matofali mekundu yaliyojaa watu wanaotengeneza vitu ambavyo hatukujua kama hutengenezwa na watu: huyu anapuliza kioo kama mtoto anayepuliza povu, yule anashona vikaragosi, mwingine anachapa picha kwa mashine iliyomzidi umri. Kuta zimechorwa mpaka juu. Mdogo wangu alisimama mbele ya ukuta mmoja muda mrefu, nikadhani sanaa imemgusa. Akasema, "Mfereji wao wa mvua umeziba."

Chuoni hatukwenda kwanza, tukidhani yule msichana alishahitimu zamani na kuondoka na kazi yake. Siku ya kwanza tuliuliza kila mlango wa karakana, na kila mlango ulitupokea vizuri na kutupeleka mlango mwingine. Fundi wa vioo alidhani tunataka kununua. Mchapaji alidhani tunataka kuchorwa. Jioni mdogo wangu alijitupa kitandani na viatu vyake, akasema, "Dada, turudi. Udongo ni udongo. Utakuwa umeshavunjika na kuzolewa." Nikamwambia akitaka kurudi arudi, mimi nimelipia kitanda. Alfajiri nilimkuta ameshavaa.

Siku ya pili tulimpata mfinyanzi, mama mnene mwenye mikono myeupe hadi viwikoni, akageuza chungu chake huku akitusikiliza. Tulipomaliza akauliza, "Huyo mama yenu, sikio lake la kushoto lilikuwaje?"

Ndewe ya sikio la kushoto la mama ilichanika vipande viwili, na aliyeichana ni mimi. Nilikuwa mchanga, nikaning'inia kwenye hereni yake nikakataa kuachia.

Mfinyanzi akasimamisha gurudumu lake. "Basi nendeni chuoni, chumba cha kuchorea, mkamwone Shangazi. Mimi mwenyewe nilimchora mwaka wangu wa kwanza. Lile sikio lilinitoa jasho."

Mabibi na mabwana, sitawachosha kwa kueleza hali yetu tulipoingia. Nitasema tu tulichokiona. Darasa lilikuwa linaendelea. Wanafunzi wameketi duara, mbao za kuchorea magotini, na katikati, juu ya kigoda kirefu, mama. Shavu lake, paji lake, midomo aliyoibana namna ile ile alipokuwa akingoja tuseme ukweli. Pua ilikuwa imewahi kuvunjika na kugundishwa, imekwenda upande kidogo, na shavuni mtu alikuwa amemwachia alama ya penseli. Mdogo wangu alipita katikati ya wanafunzi, akalowesha kidole kwa mate, akaifuta ile alama. Hakuna aliyemzuia.

Mwalimu wa kuchora alitupa viti, kisha akampigia simu mchongaji, yule msichana wa zamani aliyekifinyanga kichwa kwa udongo kisha akakitoa kwa plasta, naye akaja siku hiyo hiyo akitembelea fimbo. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani kati yenu alikula udongo wangu?"

Nikanyoosha mkono. Nina wajukuu, lakini nilinyoosha mkono.

Akacheka, akatuambia mambo ya mama ambayo sisi watoto wake hatukuyajua: kwamba alikuwa akikaa anasinzia macho yakiwa wazi, kwamba msichana alipotaka kuliziba lile sikio ili lipendeze, mama alimwambia, "Usinitengeneze. Mwanangu alinichana, na mwanangu ataniona."

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana ulikuwepo. Mdogo wangu alisema pale pale, bila kupepesa, kwamba anamchukua mama nyumbani. Mwalimu akasema hiki ni kifaa cha chuo. Mdogo wangu akasema mama yake si kifaa. Mwalimu, ambaye ni mtu mpole, akajitolea atengeneze nakala. Mchongaji akatikisa kichwa, akasema shingo ina ufa wa zamani, ukikifunika kichwa kwa plasta mbichi huenda kisitoke kizima. Tukaachana bila kukubaliana. Usiku ule hatukusemezana, mimi na ndugu yangu, kwa sababu nilimwambia aliyempoteza kwa mvua asitake kumpoteza kwa mtikisiko wa gari. Lilikuwa neno zito, na lilimwingia.

Asubuhi ya mwisho alitangulia peke yake. Nilimkuta amesimama nje ya mlango wa darasa, haingii. Akaninyamazisha kwa mkono. Wanafunzi walikuwa wanaingia, mmoja mmoja, wana usingizi, wamebeba mikoba, na kila aliyepita mbele ya kile kigoda alisema, "Shikamoo, Shangazi," kama mtu anavyoamkia mkubwa wa nyumba, bila mzaha, bila hata kufikiri. Msichana mmoja alimnong'oneza, "Leo niombee, nina mtihani."

Mdogo wangu akaniambia, "Umesikia? Kwangu nani atamwamkia? Mimi niko juu ya mapaa ya watu kutwa."

Kisha akainua macho, akalitazama dari la chumba kile, na nikaona uso wake unabadilika. Dari lilikuwa na madoa ya maji. Akaingia, akasimama mbele ya mwalimu, akasema, "Mama abaki. Lakini chini ya paa hili, habaki."

Mheshimiwa Meya, hivyo ndivyo chumba hiki kipya kilivyoanza. Jiji lilitoa kiwanja, mafundi wa mtaa walijenga kuta, na paa hili mnaloliona limeezekwa na mdogo wangu kwa mikono yake, likizo baada ya likizo. Mvua kubwa ilipopiga wiki iliyopita, alisafiri kuja kukaa mle ndani, akatazama juu mpaka ikaisha. Halikudondosha tone. Tunawashukuru wote, na chuo tunakishukuru zaidi kwa kukubali ombi letu moja: asibandikwe jina. Aendelee kuwa Shangazi.

Limebaki jambo moja. Mwalimu aliwaomba wanafunzi wake wa zamani kama wana mchoro wowote wa Shangazi, watuletee. Imekuja michoro mingi kiasi kwamba kuta za nyumba zetu zimejaa. Mama kwa kulia, mama kwa kushoto, mama mwenye pua nzima na mama mwenye pua iliyogundishwa. Binti wa mdogo wangu haulizi tena. Sasa yeye ndiye anayewaeleza wageni. Na iko mingine inayoonyesha kisogo peke yake, ya wale waliochelewa darasani wakakuta nafasi za mbele zimekwisha. Mimi nilitaka kuirudisha. Mdogo wangu akaninyang'anya mmoja, mchoro wa kisogo, masikio mawili na fundo la kitambaa, akautundika mbele ya kitanda chake.

Nikamuuliza, "Nyuso zote hizi, wewe unachukua kisogo?"

Akasema, "Dada, mama alinibeba mgongoni miaka miwili. Hiki ndicho nilichokijua kwanza."

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Karibuni ndani.