Medali ya Tabora

Wallahi wabillahi, sikilizeni wanangu, na majirani huko nje wasikie: ulimi huu ukatike hapa hapa kitandani kama leo nitasema uongo. Haya Asia, funga dirisha. Yaliyobaki ni ya kwetu.

Mnanijua baba yenu Haruna, nilikuwa nikiruka kwenye mpira wa kikapu naona watu wa Kongo wanavyokula ng'ambo ya ziwa. Mwaka ule wakimbizi wanamiminika Kagunga kama dagaa wanaofuata karabai, Mzee Hamdani, tajiri wa dagaa, akaunda timu ya kulipwa hapa Ujiji, kila mchezaji gunia la dagaa, na msimu mzima hatukufungwa. Haya, tulifungwa mara nne.

Wiki ya fainali ya Tabora uwanja wetu hapa ulianikwa dagaa, maana jua halingoji mechi. Nikasema mtu kama mimi hazuiwi na samaki; nikaruka, nikatua kwenye mafuta yao, kifundo kikavunjika. Hamdani akamchukua Anatoli, Mrundi, mrefu kama mchikichi, hana kibali cha kutoka kambini. Akapanda treni ya Tabora na jezi yangu, akaitikia jina langu. Dakika ya mwisho akatumbukiza mpira, redio ikasema, “Haruna wa Ujiji!” Mimi huyo Haruna nimefichwa chini ya turubai gengeni kwa Rozalia, naye ananiambia, “Bingwa, sogeza mguu, nachukua kitunguu.”

Babu yenu mzaa mama alishanikataa mara mbili nilipoposa. Kwa kikapu kile akanipa Zuleha, mama yenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone; nanyi wawili mmetokana na mpira wa Anatoli.

Miaka yote hiyo hajadai medali wala jina. Jana alikuja kuniaga, Ijumaa meli inawarudisha kwao, akanishika mkono, akanitakia amani kwa Kirundi: “Amahoro, bingwa.” Mdomo huu, wanangu, ukamuuliza bei ya dagaa.

Nyumba gawaneni kama dini inavyosema. Nyavu ni zako Sefu. Lakini medali uliyokuwa ukilala nayo utotoni, baba, cha kuazima hakisitiri matako. Ipeleke bandarini kabla meli haijaondoka, mvalishe shingoni, umwite baba mkubwa.

Nipe maji... Mungu awape rafiki kama yule. Awape... na midomo mifupi kuliko wangu.

Neno hili lisitoke. Watani wakilinusa watachechemea kuniigiza nyuma ya jeneza langu mpaka makaburini. Na mama yenu, huyo anayenipikia uji... yeye hasa, msimwambie.