Safari ya Kwanza ya Moteri Mupya

Mukaribie, batoto bangu, mukaribie sana, kwa sababu sauti yangu haifike tena mbali na sitaki kusema mambo mara mbili. Dorothée, mwanangu, acha ile sufuria, siko na njaa, na wewe unajua vizuri kama siko na njaa. Prince, toka pale mulangoni, unasimama kama mugeni mwenye anachelewa safari. Kaa chini hapa karibu na dada yako. Na wewe Mama Thacienne, jirani yangu, wewe njo ulinichotea maji hii miezi yote wakati hawa walikuwa mbali, usitoke. Ninataka muntu mwenye haiko wa damu yangu asikie, ili kesho bantu basiseme kama batoto ba Barthélemy njo balitunga haya maneno. Mimi ninakufa. Aa, hapana, musinikatalie. Nimekuwa shofere maisha yangu yote, na mulio wa kitu chenye kinaisha ninaujua.

Munaona hii nyumba vile imenyamaza. Wakati mama yenu Euphrasie alikuwa hapa, hapakukosa muntu mu kiwanja, huyu anaomba chumvi, yule anauliza kama kamio, ile lori yangu, itashuka Goma, mwengine alikuja tu kukaa na kucheka. Kisha vita ikapita hapa Nyabiondo, bantu bakatawanyika, bengine Mweso, bengine mu makambi ya Goma, na mama yenu akarudi kwa kaka zake kule Ntoto, mu pori ya Walikale, na kule njo alilala usingizi wa mwisho. Vita ilitulia kidogo, nikarudi, nikafungua mulango, na hakuna muntu aliuliza ni nani. Asubuhi ninaamka, ninatoka inje, ninasalimia kamio. Mucheke tu, ni kweli! Ninaiuliza kama ililala vizuri, na ninajijibu mwenyewe. Nimechoka na kukaa peke yangu, batoto, ninawaambia wazi, nimechoka kuliko vile nilichoka na hizi barabara zetu.

Mali haiko ya kusemea muda murefu. Shamba ya maharagi kule juu, pamoja na ile ya mihogo, Dorothée achukue, kwa sababu yeye njo anajua jembe. Hii nyumba ni ya Prince, lakini Mama Thacienne ataendelea kulima ile bustani ya nyuma mpaka siku atachoka, na muntu asimufukuze. Kamio ni yenu ninyi wawili. Hamutaiuza, hamutaigawanya, mutakula wote kwayo, na kama hamusikilizane mutalala njaa wote. Hakuna kitu kingine. Yote yenye nilikuwa nayo imeingia mu ile moteri yenye mekanisie alifunga juzi, munaiona pale chini ya bashi, ile turubai, ingali na harufu ya mupya. Ile moteri ikikufa, jina langu pia limekufa, na ninyi mutakuwa bantu ba kutembea na miguu na kuomba lifti.

Sasa Prince, mimi nilikusikia. Uliwaza kama nimelala? Ulikuwa nyuma ya nyumba na telefone yako, unamuahidi ule muntu wa mbao kama juma ijayo utavuta remorki yake, ile tela ya nyuma, kutoka Walikale. Remorki! Ya mbao mubichi! Na moteri yenye haijapanda hata kilima moja! Eh Mungu wangu, huyu mutoto nilimuzaa na nani? Hapana, usinijibu, nisikie kwanza. Utamupigia leo na utamuambia kama papa alikataza, na akikasirika, mupe mimi kwenye telefone, nitamukasirikia kumupita.

Moteri mupya inadanganya macho. Inje inang'aa, lakini ndani vyuma havijazoeana. Segma, zile pete zenye zinazunguka pistoni, ziko na ukali, na ukuta wa silinda uko na ukali, na lazima visuguane polepole mpaka kila kimoja kijue fasi yake. Ile kuzoeana njo tunaita rodaje. Ukiikokotesha muzigo mukubwa mbele ya rodaje kwisha, joto inapanda, segma zinakwaruza silinda, na kisha utaona moshi ya buluu inakufuata kila fasi mpaka utauza vyuma kilo kwa kilo. Lakini usiiogope vilevile, usiiache inanguruma mu kiwanja saa nzima bila kwenda fasi, ile pia inaiharibu, kwa sababu pete hazishike vizuri. Inataka kazi, lakini kazi ndogo. Unaiwasha, unangoja ipate joto kidogo, unaenda. Unakanyaga, unaachilia, unapanda, unashuka, hauende mwendo moja tu tangu asubuhi mpaka mangaribi. Kilima ikianza na moteri ikianza kuguna, shusha vitesi, weka gia ndogo, usiing'ang'anize kwa kiburi. Unasimama, unaacha ipoe, unaangalia maji, unaangalia mafuta. Kilomita elfu ya kwanza ikipita, unamwaga ile mafuta yote, hata kama unaiona nzuri, kwa sababu ndani kuna unga ya chuma, unabadilisha na filtre, unakaza tena buloni zenye zinashika moteri. Kisha pale vuta remorki mpaka Kisangani kama unataka, mimi sitakuwa hapa kukukatalia.

Dorothée, unatikisa kichwa. Ninajua unawaza nini, unawaza kama huyu Prince haya yote aliyasikia tayari, na bado aliua ile moteri ya kwanza. Basi tuiseme leo, mbele yangu, kwa sababu hii miaka yote mumeizungukia tu. Prince akija, wewe unatoka. Wewe ukileta chakula, unamuambia Mama Thacienne amuulize kaka yako kama anataka mboga. Kaka yako, mwenye anakaa palepale mbele yako! Ni haya, haki ya Mungu, ni haya mbele ya jirani.

Ilikuwa vile. Ile moteri ya zamani tuliifungua yote, tukaweka segma mupya, ilikuwa mu rodaje, na mama Adelaïde, mukatekista wetu, akakufa. Familia ikakuja kuomba kamio imupeleke ku kijiji yake. Nilikuwa mugonjwa, nikamuambia Prince abebe maiti na watoto wa marehemu, basi. Lakini munajua desturi ya hapa kwetu. Kamio ikibeba maiti, hakuna muntu analipa na hakuna muntu anakataliwa. Korali ilipanda na ngoma zake. Bibi wenye kubeba mikungu ya ndizi, balipanda. Mbuzi za matanga, magodoro, sufuria kubwa za parokia. Pa kila kijiji bengine banasimama pa barabara, banalia, banainua mikono, na kamio inasimama. Ukimukatalia muntu kumusindikiza mufu wake, batasema wewe njo ulimuroga. Moteri ikashikamana katikati ya kilima, na bantu bakashuka kumaliza safari na miguu, sanduku ku mabega. Nyuma yake vita ikakuja, mama yenu akagonjwa kule Ntoto, na sisi tulikuwa tunaangalia kamio yenye haiwake. Balimuzika bila sisi. Bila mume wake, bila batoto bake. Tulipata habari kwa muntu wa pikipiki.

Dorothée, mama yangu mudogo, unamulaumu kaka yako. Ebu niambie, angefanya nini? Bibi kizee analia pa barabara, anashika mulango wa kamio na mikono miwili, ni nani anaweza kufungua vidole vyake na kumuambia segma bado mupya? Mimi ningekuwa pa usukani, ningeshuka nimusukume apande. Prince hakuwa na la kusema kwa sababu hakuna muntu mukubwa alimupa neno la kusema. Leo ninamupa.

Sikilizeni vizuri, hapa njo fasi nilikuwa ninawapeleka. Mukinizika hapa Nyabiondo nitabakia peke yangu hata mu kaburi, na mimi sitaki. Munipeleke Ntoto, munilaze pembeni ya Euphrasie. Munipeleke na kamio yangu. Ile safari njo itakuwa rodaje ya moteri. Muzigo mwepesi njo mimi, munaona vile nilikonda, na muongeze magunia machache ya maharagi kwa shemeji zangu, kwa sababu hatuende ku wakwe mikono mitupu, na moteri pia haipendi kwenda mutupu kabisa. Njia iko na vilima na mabonde, itapanda, itashuka, itapumua. Hakuna njia muzuri ya rodaje kupita ile.

Na hakuna muntu atapanda nyuma. Hata mumoja. Korali haitapanda. Wazee ba ukoo habatapanda. Mama Thacienne, hata wewe, unisamehe, hautapanda. Usilie, ninakuomba, ukilia na mimi nitashindwa kumaliza. Baniimbie hapa mu kiwanja, basome sala zote, kisha mufunge mulango wa nyuma wa kamio, muweke na mukufuli. Bakikamata kamio pa barabara, Prince, shusha kioo, uvue kofia, useme, "Ni marehemu mwenyewe alikataza, na Mama Thacienne ni shahidi." Batakutukana. Batasema watoto wa Barthélemy balimutupa kama gunia. Wewe endelea kuendesha.

Munazani ni rahisi kwangu? Nilibeba maiti za hizi milima tangu nilipata kamio. Waliokufa na vita, waliokufa na kuzaa, batoto badogo mu sanduku ya mbao ya sabuni, nilibabeba wote, na sikumuuliza muntu kitu. Na kila safari, nikisikia korali nyuma yangu inaimba, nilikuwa ninajiambia, Barthélemy, siku yako nayo inakuja, na siku ile hawa wote batapanda, kamio itajaa mpaka juu, bengine batakaa ku paa ya kabine, na milima itasikia. Hii miaka ya kukaa peke yangu, ile wazo njo ilikuwa inanilaza usingizi. Nilikuwa ninahesabu sura zao, huyu atakuja, yule pia. Na sasa ninawaachia ile pia. Ninaiacha kwa sababu yenu. Nilitaka mujue, kwa sababu muntu anapotoa kitu, ni vizuri bamuone akitoa.

Mu kabine mutakaa ninyi wawili tu. Prince ataendesha. Dorothée, wewe kazi yako ni ule mushale wenye unaonyesha joto ya moteri, kwa sababu kaka yako akianza kuwaza anasahau kuangalia. Mushale ukipanda, utamuambia kwa mudomo wako, "Prince, imepanda." Hakutakuwa Mama Thacienne wa kutuma. Naye atasimama, na mutashuka, na mutangoja ipoe, na wakati munangoja... mutaongea, ao mutanyamaza, mimi sijui. Kusimama kutakuwa mara mingi. Kwenye daraja ya miti mushuke muangalie mbao kwanza. Usipandishe...

Maji, Mama Thacienne. Kidogo. Inatosha.

Usipandishe kilima cha mwisho na vitesi ya tatu, Prince. Ya kwanza. Hata kama banakucheka. Kule Ntoto shemeji batakuwa na taratibu zao za pori, musizikatae, mukae nyuma, muinamishe kichwa. Padri ataomba yake, wao bataomba yao, mimi nitapokea zote. Kurudi pia muende polepole. Ni kurudi njo bantu banakimbiza gari, kwa sababu banaona musiba imekwisha.

Mikono yenu. Munipe hapa. Dorothée, mukono. Prince. Hapana, wekeni pamoja, juu ya wangu. Eh. Vile.

Mungu mwenye alinilinda ku hizi barabara, awalinde. Mukilima, ipate mvua. Mukiendesha, mufike. Musikose muntu wa kuwauliza kama mulilala vizuri. Mutoto wenu asizikwe... hapana, sikutaka kusema vile. Batoto benu bawazike, na ninyi musibazike. Ubarikiwe wewe, Dorothée, na ile roho yako ngumu. Ubarikiwe wewe, Prince, hata na ile telefone yako. Mama Thacienne, Mungu akulipe, mimi sikuwa na kitu.

Nimemaliza. Mutoke sasa, munipishe nilale...

Prince. Rudi. Dorothée, na wewe.

Ile maneno ya mukufuli, niliyasema vizuri, muyafuate. Lakini mukipita kilima, kule njia inalala sawa, pale mbele ya pori kuanza... kule moteri haichoke. Musimame. Mufungue nyuma. Mumoja wenu aje akae na mimi kidogo. Mumoja tu. Muntu mumoja haiko muzigo... moteri haitasikia.