Mashahidi wa Mussa

Kijiwe chetu kipo Palma, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa sokoni, pale chapa, daladala zetu za kwenda Mocímboa, zinapogeuzia. Kina benchi moja la ubao, jiko la mkaa la Bi Siwema, na cherehani yangu chini ya turubai, maana mimi ndiye fundi wa nguo wa hapo na sikio langu haliko mbali na maneno. Twalha tunamwita Maputo, kwa sababu alifika Maputo mara moja kutibiwa jicho na mpaka leo safari hiyo haijaisha kusimuliwa. Lourenço, bwana kilimo kutoka Inhambane aliyeletwa huku na serikali, tunamwita Minazi, kwa kuwa kazi yake ni magonjwa ya minazi na kila jambo kwake huanzia kwenye mnazi. Mussa, muuza ndoo na khanga, ambaye marehemu baba yake alitoka Lindi, tunamwita Kotekote, maana ana ndugu ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma. Bi Siwema hana jina la utani. Hajatokea aliyethubutu.

Siku hiyo Mussa alikuja amechelewa, akapokea kahawa yake na kukaa ameelekea barabarani. Hakusalimia. Tukadhani jino linamsumbua. Twalha akaanza kama kawaida.

— Sisi Cabo Delgado tumepunjwa. Maputo mgeni ni mgeni kweli. Mreno yuko, Mhindi yuko, Mchina yuko, Mnigeria anauza simu. Huku kwetu mgeni ni yuleyule wa Mtwara, anakuja na ndoo zake. Ndiyo maana wakasema, mchagua jembe si mkulima.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? — nikamuuliza.

— Imepita uani. Wewe shona.

Lourenço akakohoa kidogo, kama mtu aliyepewa nafasi mkutanoni.

— Hatujapunjwa, Twalha. Ni suala la mlango. Nchi hii ni ndefu kama mnazi. Mimi nimefanya kazi Manica. Mgeni wa kule anatoka Zimbabwe, na ukimsikiliza, anasema lugha ileile ya bibi wa mwenyeji wake. Tete kuna Wamalawi na Wazambia. Nampula utawakuta Wakongo na Warundi waliokimbia vita kwao. Kila mkoa una mlango wake, na jirani hupita mlango ulio karibu naye. Mgeni njoo, mwenyeji apotee.

— Apone, — Bi Siwema akamsahihisha. — Mwenyeji apone.

— Apone, apotee, mlango uko wazi.

— Mlango gani, — Twalha akasema. — Watu wanafuata ghorofa. Mtu akitaka kuhama, analala, anaota ghorofa, asubuhi anaifuata. Sisi ghorofa hatuna, kwa hiyo wanaotuota ni wachache.

— Na wale wa kampuni za gesi, kule ndani ya uzio? — nikauliza. — Waitaliano, Wafilipino, watu wa Afrika Kusini. Wao wameota nini?

— Wale usiwahesabu. Hawajawahi kununua hata muhogo wa kuchoma hapa. Mgeni asiyekula kwako huyo ni ndege, anapita.

Bi Siwema alikuwa akipepea mkaa. Akaacha kupepea.

— Nyote mnakosea. Watu hufuata chungu. Panapopikwa kwa nazi, mtu wa nazi atafika hata umfungie njia. Shika Lindi, Mtwara, uje Quionga, Palma, Olumbi, mpaka visiwani Ibo, chungu ni kimoja. Ukipanda Pundanhar kwenda bara, tui linaanza kupungua, na wageni nao wanabadilika. Pelekeni nazi Tete mwaka mmoja, muone kama Mtwara yote haitahamia huko.

Lourenço alilipenda hilo kuliko la kwake mwenyewe.

— Bi Siwema amesema kweli. Na mnazi wenyewe ulikuja hapa kwa kuelea majini, haukuitwa na mtu. Ukaota, ukawaita wenzake, wenzake wakawaita watu. Mnazi una masikio, mimi nimeufanyia kazi.

— Basi tukaupande Ureno, — akasema Twalha. — Ukishika, safari hii watakaokwenda kutawala ni sisi. Mimi nitakuwa gavana wa Lisboa. Minazi, wewe utanibebea mwavuli.

Tukacheka sana, maana kijiwe chetu kinapenda kujiona kikubwa. Mussa hakucheka.

— Kotekote, sema na wewe, — Twalha akamgeukia. — Wewe ndiye mgeni wetu wa Mtwara. Ulifuata mlango, ghorofa au nazi?

Alisema kwa utani, kama alivyozoea kumtania miaka yote. Mussa akaweka kikombe chini taratibu.

— Leo neno hilo la mgeni nimeambiwa mara ya pili, — akasema. — La tatu sitaki kulisikia.

Ndipo akatueleza. Bilhete yake, kitambulisho chake cha uraia, iliungua na nyumba mwaka ule vita vilipoingia Palma na sisi wote tukakimbia. Asubuhi hiyo alikwenda ofisini kuomba nyingine. Karani msichana, mgeni hapa mjini, alimuuliza kwa Kireno. Mussa Kireno chake ni cha kununulia sukari tu, akajibu kwa Kiswahili, kile cha baba yake. Msichana akasema "estrangeiro", yaani mtu wa nchi nyingine, akamwonyesha benchi la wageni pembeni.

— Nikakaa pale natazama ukuta, — akasema Mussa. — Mama yangu kazaliwa Quionga, kazikwa Quionga. Baba yangu kalala ubavuni mwake. Mimi kitovu changu kiko palepale. Nikaona nikiendelea kukaa kwenye benchi lile, nitakuwa nimekubali. Nikainuka, nikaondoka.

Twalha, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alikuwa akisugua magoti.

— Mwaka wa kukimbia mimi nilifika Montepuez, — akasema hatimaye. — Tulikwenda kwa miguu, mimi, mke wangu na watoto, Pundanhar, Nangade, mpaka tukapata gari Mueda. Kule niliitwa deslocado. Mkimbizi. Mkoa wangu mwenyewe, na jina langu hakuna aliyeliuliza. Mama mmoja wa Kimakua, Aida, akatupa nusu ya ua wake na kipande cha kulima. Siku aliponiita Twalha, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kaka Mussa, uzito wa neno hili naujua, na bado nimekutupia kama ganda la muhogo. Niwie radhi.

— Mimi nilikimbilia Quionga, — akasema Bi Siwema, — na Fundi huyu hapa shahidi, tulikuwa pamoja. Nyumba aliyoiacha mama yake Mussa ilijaa watu mpaka jikoni. Mussa alitoka kwenye moto ule na robota la khanga tu, mali ya duka. Hakuuza hata moja. Alizigawa, watu wakajitanda, wengine wakazalia. Leo anaonyeshwa benchi.

Ni kweli. Mke wangu khanga yake anayo mpaka leo.

Lourenço alikuwa amesimama.

— Nilipofika Palma sikujua hata kusema shikamoo. Aliyenifundisha ni Mussa. Ofisini kwetu mimi naitwa mwenyeji kwa kuwa nasema Kireno, na mwalimu wangu anaitwa mgeni. Hapana. Twende sasa hivi.

Kabla hajamaliza, msichana mmoja alisimama mbele ya cherehani yangu. Alikuwa na shati la ofisini na viatu vimejaa mchanga. Akauliza kama hapa ndipo kwa Mussa wa ndoo. Mussa akageuza uso.

— Shikamooni, — akasema, kwa Kiswahili kinachojifunza kutembea. — Mimi naitwa Telma. Baba, nilikuweka benchi ile kwa sababu sikuelewa maneno yako. Nilikwenda kumtafuta mwenzangu anayejua Kiswahili. Tuliporudi, hukuwepo. Akaniambia wewe mtu wa Quionga. Nilikosea. Nimekuja kukuomba urudi. Na nahitaji watu wawili wanaokujua, washuhudie.

Bi Siwema akamimina kahawa, akampa Telma. Twalha akasogea, msichana akakaa.

— Kwenu wapi, mwanangu? — Bi Siwema akamuuliza.

— Mkoa wa Gaza. Kusini kabisa.

— Basi mgeni ni wewe, — akasema Lourenço.

— Na wewe, baba?

— Inhambane.

Telma akamtazama Lourenço, akamtazama Mussa, akanywa kidogo. Aliuliza polepole, akitafuta maneno, na nina hakika hakukusudia kutukomoa.

— Nifundisheni, basi. Hapa mtu anaacha kuwa mgeni siku gani?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — Twalha akaanza kwa nguvu, halafu akasita, kwa sababu Montepuez alilima msimu mzima na jina lilikuwa lilelile, deslocado. Bi Siwema akapepea mkaa usiohitaji kupepewa. Mimi nilijifanya natunga uzi kwenye sindano.

Mussa ndiye aliyeinuka.

— Swali lako tutabaki nalo, binti yangu. Twende ukaniandike.

Walihitajika wawili. Twalha aliinuka, Lourenço alikwisha simama, Bi Siwema akafunika jiko na kujifunga khanga vizuri, mimi nikafunga cherehani. Njiani Sadique, muuza samaki, akauliza tunakwenda wapi. Alipoambiwa akaacha meza yake, akafuata, na wateja wake wawili nyuma yake, nao ni watu wa Quionga. Tulipofika ofisini tuliziba mlango.

Telma akakaa mezani kwake. Safari hii hakuuliza kwa Kireno.

— Mzee Mussa, umezaliwa wapi?

Mussa akaweka kofia yake sawa. Akajibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwa Kiswahili chake kilekile, bila kukipunguza.

— Quionga.

Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

— Na nani anamjua?

Tukanyoosha mikono. Telma akatabasamu, akasema wawili wanatosha. Hakuna aliyeshusha mkono.