Beseni Lililokaa Chini ya Kitanda cha Jirani

Shikamooni wakubwa zangu wote. Wadogo zangu, mambo? Walioitika poa na walionuna kwa sababu ya joto la ukumbi huu, wote nawasalimu. Mwenyekiti wetu wa jengo kaniambia nisimame nitoe ushuhuda, na mimi kwa mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikimkwepa. Kila zamu yangu ikifika naumwa tumbo. Leo sina tumbo la kusingizia, kwa hiyo nitasema. Majina siyataji. Atakayejitambua ajinyamazie tu.

Mnajua mimi ni Mngazija. Nilipofika Mchafukoge miaka sita iliyopita Kiswahili changu mlikicheka, na mlikuwa na haki, nilikuwa naomba chumvi duka zima linageuka. Nilikuja na mume wangu, yule pale nyuma anayejifanya anaangalia simu. Yeye ananunua bidhaa Kariakoo anapeleka nyumbani kwa meli. Tulipanga chumba na sebule ghorofa ya tatu, tukafunga mlango. Ndugu zangu, nawaambia, tulijua kuufunga.

Mwaka wa tatu nikapata mimba. Ya kwanza.

Sasa niwaeleze mambo ya kwetu, maana bila hayo mtaniona mwendawazimu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia. Mtoto wa kwanza anazaliwa chini ya paa la mama yako mzazi, na kwenye ukoo wetu sisi mimba ya kwanza hujitangazii mwenyewe. Mama ndiye anayeitangaza. Anakushika tumbo mbele ya wanawake, anasoma dua, anasema, "Huyu ni wangu." Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kujua, na hata soksi ya mtoto hainunuliwi, ni kumchuria. Na mimi niko Dar, nyumba si yangu, ni ya mzee mmoja anayefuata kodi. Kwa hiyo ikapangwa mama apande ndege, aje, anitangaze hapahapa, akae mpaka nijifungue.

Nikampigia. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Nakuja mwanangu. Wiki tatu tu. Usimwambie mtu."

Wiki tatu zikawa miezi miwili, miwili ikawa mitano. Kumbe dada yangu mkubwa alikuwa anafanyiwa ndoa kubwa. Ndoa kubwa ya kwetu si shughuli ya Jumamosi na Jumapili. Ni siku na siku, karamu juu ya karamu, dhahabu, ngoma, wajomba wanakuja kutoka nchi za watu. Mama mwenye binti kwenye ndoa kubwa ni malkia wa mji. Mimi niliolewa kwa ndoa ndogo, watu kumi na wawili na juisi ya ukwaju. Sikulalamika wakati ule. Leo nalalamika, tena kwa sauti.

Kila nikipiga simu: "Nakuja mwanangu, ngoja tumalize kupima nguo." "Ngoja mjomba wako afike." Na mwishoni kila mara: "Hujamwambia mtu, eeh?" Nami najibu, "Sijamwambia, mama." Nilijisifu kabisa. Nilijiona binti mwema.

Kliniki je? Mnajua siku ya kwanza wanataka uje na mwenzako. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mimi nikakae kwenye benchi na wanawake? Mama yako akija mtaenda naye." Nilikubali. Hilo nalibeba mwenyewe, simtupii yeye peke yake. Sote wawili tulikuwa tunamsubiri mtu mmoja. Kula vizuri, tutaanza mama akija. Kupima damu, mama akija. Tukalifanya tumbo langu kama mzigo uliokwama bandarini.

Nikawa navaa buibui pana. Nikishuka sokoni napishana na ninyi kwenye ngazi, nimejikunja na kapu mbele. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya kwanza, mtu wa kusini, anashona. Wengi wenu mmempelekea kanga zenu awakatie na kuwapindia. Siku moja alinisimamisha mlangoni kwake.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo."

"Marahaba. Miguu imekuwaje hiyo?"

"Joto tu mama. Na nimenenepa, chipsi za Bongo hizi."

Aliniangalia. Akasema, "Haya mwanangu. Ukichoka kupanda ngazi, kiti kipo." Nami nikapanda zangu. Nilimwona mbea. Nilifika juu nikamwambia mume wangu yule mama wa chini ana macho makali, tumwepuke. Ndugu zangu, nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Mwezi wa nane kichwa kikaanza kuniuma. Pete haiingii, uso umejaa, nikijitazama kwenye kioo namwona mtu mwingine. Nikampigia mama. Nyuma yake zilikuwa zinasikika ngoma. Akasema hata yeye alivimba kwenye mimba yangu, ni kawaida, ninywe maji. "Zimebaki siku kumi na tatu shughuli iishe. Nakuja na ndege ya kwanza."

Nikanywa maji.

Siku nne baadaye ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua mnayoijua. Mume wangu alitoka mapema kwenda kwenye ghala huko Magomeni. Saa nne asubuhi nilikuwa napanga vikombe, nikaona vikombe viwili viwili. Nikafumba macho, nikafumbua, dirisha likawa na giza pembeni. Nikampigia. Akasema, "Bonde la Jangwani limejaa maji, hakuna gari linalopita, niko upande wa huku." Alikuwa analia, namwambia leo hadharani nilimsikia. Nikampigia mama. Haikupokelewa. Mara tatu.

Nilikaa sakafuni. Hapo ndipo nilipofikiri kitu ambacho nitakijibia siku ya mwisho. Nilifikiri, nikishuka nikamwambia mtu, nimevunja neno la mama. Mtoto anapiga teke tumboni, mimi nawaza neno la mama. Nilikaa hapo muda, sijui nusu saa, sijui saa nzima. Daktari baadaye hakuniambia kama muda ule ungebadilisha chochote. Nilimuuliza. Alisema, "Usijiulize hilo." Najiuliza mpaka leo.

Mwishowe nilishuka. Kwa makalio, ngazi moja moja, kwa sababu nilikuwa sizioni vizuri. Nikagonga mlango wa ghorofa ya kwanza. Cherehani ikanyamaza. Alipofungua nikamwambia, "Mama, nina mimba. Miezi minane."

Akaniambia, "Najua mwanangu. Tunajua wote."

Akaniweka kwenye kile kiti. Akapiga magoti, akavuta kitu chini ya kitanda chake. Beseni la bluu, limefunikwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na pamba, glavu, uzi wa kitovu, wembe mpya, sabuni, mpira wa kutandika, na doti moja ya kanga iliyokwisha kupindwa. Lilikuwa limekaa pale miezi miwili. Wa ghorofa ya pili alileta glavu. Wa duka la nyuzi alileta pamba. Yule dada wa kanisani, anayeimba asubuhi tukamlaani, alileta sabuni. Mnanicheka? Haya, chekeni, mlikuwa ninyi.

Nilimuuliza, "Kwa nini hamkuniambia?"

Akasema, "Mimba ya mtu haitajwi na jirani kabla mwenyewe hajaitaja. Tungekuchuria. Tulikuwa tunasubiri utuambie."

Mnaelewa? Mimi juu nalinda adabu ya kwetu, wao chini wanalinda adabu ya kwao. Nyumba nzima ilikuwa inajua, na nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa heshima. Nikiwaza hilo nasikia hasira mpaka meno yanauma.

Bajaji ikaitwa, tukapita kwenye maji. Hospitali nesi aliuliza, "Kadi ya kliniki?" Mama wa ghorofa ya kwanza akajibu, "Hana." Nesi akauliza, "Amekuja na nani?" "Na mimi." "Wewe ni nani wake?" Akasema, "Mama yake." Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokisikia. Nilianza kutetemeka, kumbe ndicho kile kifafa cha mimba, sikujitambua tena.

Nilizinduka kesho yake. Walinifanyia upasuaji. Alikuwa wa kike. Aliishi mpaka alasiri ya siku ileile.

Subirini kidogo.

Mimi sikumwona. Mama wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyemwona, na kila nikimuuliza ananieleza upya, na hajawahi kuchoka. Alikuwa na nywele nyingi. Kidole cha mwisho cha mguu kilipanda juu ya mwenzake, kama changu. Walimfunika kwa kanga moja ya ile doti. Mume wangu alifika jioni, amelowa mpaka kifuani, amezunguka mji mzima kwa miguu. Wanaume wa jengo walimwosha, walimswalia, Wakristo walisimama nje ya makaburi na miavuli. Mwanangu alizikwa na watu niliowaficha kwamba yupo.

Mume wangu alimwambia mama. Mama akanitumia ujumbe wa sauti. Nimeufuta lakini naujua neno kwa neno: "Pole mwanangu, ni mipango ya Mungu. Ila usimwambie mtu wa huku kwanza, tusiharibu shughuli ya dada yako. Zimebaki siku nane."

Nilikaa kitandani nikahesabu siku nane. Siku ya tisa picha zikaja. Mama amevaa dhahabu mpaka kwenye paji la uso, anacheka.

Alikuja baada ya miezi miwili. Akakaa kwenye kitanda changu, akasikia mtu wa chini ananiuliza dirishani kama kidonda kimekauka. Neno lake la kwanza, jamani, hata pole ya ana kwa ana hajanipa: "Kwa nini majirani wanajua habari zetu?"

Nikamwambia, "Kwa sababu wao ndio waliomzika."

Alikaa wiki moja akaondoka. Huwa tunasalimiana Ijumaa. Najua mtu akisimama hapa anatakiwa aseme nimesamehe. Sijasamehe. Nimejaribu, naendelea kujaribu, lakini sitawadanganya mbele ya Mungu ili tu ushuhuda uwe mtamu.

Na huyu mume wangu pale nyuma, miezi mitano sikumwita jina. Nilimwekea chakula nikaondoka. Siku moja nilimkuta ameshika ule uzi wa kitovu, ameukunja kwenye kiganja, amekaa tu. Siku hiyo nikamwita jina.

Kilichoniinua si maneno. Mama wa ghorofa ya kwanza hakunihubiria. Alinishusha asubuhi moja akaniwekea kanga mapajani: "Nikatie hizi, macho yangu siku hizi hayafai." Macho yake mnayajua, yanaona sindano iliyoanguka barabarani. Nikakata. Kesho nikakata tena. Wanawake walikuja na kanga zao wakasema yao: huyu mtoto wa pili hakukaa, yule mume alihama. Wanayasema huku cherehani inalia, taratibu, kama wanaomba kikombe cha maji. Sikuwa nimewahi kusikia watu wakitaja uchungu wao mlango wazi. Ikanichukua miezi, na siku moja nikasikia nami nasema.

Basi nawashukuru. Uliyeleta glavu, uliyeleta pamba, wewe unayeimba asubuhi, endelea kuimba, nimekuzoea. Wewe wa bajaji uliyekataa kupokea chochote. Nesi sijui jina lake, alinishika mkono. Na wewe mama, uliyesema uongo kule mapokezi kwamba umenizaa, sijui nikulipe nini.

Kwa wasichana wageni humu, wa kutoka kwetu, Kongo, Mtwara, popote: mama yako ni mama yako, lakini kama yuko mbali, mlango wa karibu ndio ugonge. Na ninyi wenyeji, mkimwona mgeni amejifunika namna ile, mwulizeni. Akiwaita wambea, mwulizeni tena. Heshima yenu ya kunyamaza sitaki kuiona tena kwenye jengo letu.

Nilisema leo sina tumbo la kusingizia. Niliwadanganya kidogo.

Nina mimba ya miezi mitatu. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa. Mama yangu hajui. Jumatatu tulikwenda kliniki, na huyu bwana alikaa kwenye benchi katikati ya wanawake, magoti yamebanwa, kadi ameishika yeye kwa mikono miwili. Beseni la bluu liko kwangu sasa, halipo chini ya kitanda. Liko juu ya meza, mlango wazi, na ndani kuna ile kanga moja iliyobaki.

Mama wa ghorofa ya kwanza, naomba usogee hapa mbele. Njoo unishike tumbo, useme ni wa nani.