Kalipa Iliyobaki Chini ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi nguo, na kila anayelikalia ana mahali pake. Mwisho wa kushoto hukaa Gia Tano, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hadi leo akisikia gari linapanda mlima mguu wake hutafuta klachi chini ya benchi. Katikati hukaa Skrepa, mnunuzi wa vyuma chakavu. Anayefuata ni Spika, kinyozi, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya upole wa sauti. Mwenye kibanda wanamwita Cherehani. Zamani alikuwa akikaa mlangoni na kazi yake mapajani, akiwasikiliza na kucheka kidogo kidogo. Tangu amzike mkewe, ambaye gari lilimshinda kwenye mteremko wa ghalani, siku arobaini sasa, hukaa nao benchini na hashoni kitu. Alasiri hiyo muuza kahawa alikuwa amemimina vikombe vya kwanza, na shauri lilikuwa moja tu: kesho mama mkwe wa Cherehani angefika, na angetaka kuambiwa mwanawe alikufaje.

Gia Tano: Kabla ya yote tukubaliane. Kazi tuliifanya vizuri, hatukuifanya vizuri?

Skrepa: Tuliifanya vizuri.

Spika: Mimi nilikuwepo. Nilishika tochi chini ya lile gari mpaka mkono ukafa ganzi.

Gia Tano: Basi hapo pasiguswe. Tutafute kwingine.

Kazi waliyokuwa wakiisema waliifanya uani kwa Cherehani, Jumamosi moja, wiki moja kabla ya msiba. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa likishika moto, kwa kuwa kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski, ilikuwa imekwama. Cherehani hakuwa makanika, lakini mikono yake ilikuwa na subira, na siku zote alilitengeneza gari lake mwenyewe. Skrepa alileta kalipa mbili zilizotolewa kwenye gari moja bovu, moja ya kulia na moja ya kushoto. Walifunga moja. Ya pili ilibaki, na tangu siku hiyo ilikaa chini ya benchi, ikigandamiza magazeti ya Spika yasipeperuke.

Skrepa: Mimi nasema mafuta ya breki. Siku hizi yanachakachuliwa. Mtu anaweka maji na rangi, anafunga kifuniko, anakuuzia.

Gia Tano: Mafuta niliyaonja kwa kidole. Yalikuwa mafuta. Tatizo ni mteremko ule wa ghalani. Waliouchimba waliiba mita tatu za kona, kila dereva anajua. Mimi nimeushuka na tani thelathini nikiwa nimefumba macho.

Spika: Ndiyo maana ukastaafishwa.

Gia Tano: Kata nywele wewe.

Spika: Nisikilizeni. Kalipa ile ilitoka kwenye gari gani? Gari lililopinduka. Mwenyewe alikufa. Chuma kinakumbuka, jamani. Ukikipeleka nyumba nyingine kinaendelea pale kilipoachia.

Skrepa: Nauza vyuma miaka ishirini. Vingekuwa vinakumbuka, vingenidai mimi kwanza.

Spika: Basi kuna mtu. Yule makanika wa barabarani, alipoona mmejitengenezea wenyewe, alifurahi? Alipita hapa mara tatu, na mara ya tatu hakusalimia. Na ule mnara wa simu ulio juu ya mteremko, mmeuchunguza? Gari likipita pale redio inakwaruza. Kama unaweza kuishika redio, breki itaushinda?

Gia Tano: Haya, tujaribu. Mimi ni mama mkwe. Nimefika, nimekaa, nimekunywa maji. Nauliza, mwanangu amekufaje?

Spika: Mama, ni mnara.

Skrepa akacheka, kisha akaona aibu, akamtazama Cherehani kwa pembeni.

Skrepa: Ndugu yetu, wewe unasemaje? Mama ni mkweo.

Cherehani hakufanya haraka. Alikuwa mtu wa kusali, na jawabu alikuwa nalo, maana alilisema kila alfajiri akiwa amepiga magoti.

Cherehani: Mimi nitamwambia Mungu amemchukua. Nami nimepokea.

Spika: Umemaliza! Hilo halina swali la pili.

Muuza kahawa akazungusha tena. Upepo ukainua pembe ya gazeti, na Cherehani, ambaye hakupenda kuona kitu kikipigapiga, akainama kuliweka sawa. Kalipa ikabaki mkononi mwake. Ilikuwa nzito na baridi. Akaipangusa vumbi kwa upindo wa shati, kwa mazoea tu, kisha kidole chake kikagusa nati ndogo iliyochomoza.

Cherehani: Gia Tano, nati hii ndiyo ya kutolea upepo?

Gia Tano: Hiyo hiyo. Mimi nakanyaga breki, wewe unailegeza, upepo unatoka na mafuta. Umesahau? Mwisho yalitoka safi, hata povu moja hamna.

Cherehani: Hukaa upande gani, juu au chini?

Gia Tano: Juu! Upepo unapanda, kaka. Ikikaa chini utamwaga mafuta hadi kesho na upepo umejibanza ndani unakucheka.

Alilisema kwa kujiamini, kama mtu anayefundisha, na hakulisikia neno lake mwenyewe.

Cherehani aliishika kalipa kama ambavyo ingekaa kwenye gurudumu la kushoto, kwa kuwa hii ndiyo iliyosemwa kuwa ya kushoto. Nati ikatazama miguu yake. Akaigeuza, akaishika kama ambavyo ingekaa kulia. Nati ikatazama mbingu, mahali pake hasa. Akarudia. Kwa miaka thelathini alikuwa ameunga mikono ya mashati mezani pake, wa kulia na wa kushoto, inayofanana kama mapacha, na hata siku moja hakupachika mmoja mahali pa mwenzake. Mkono uliokosewa hushonekana vizuri kabisa. Ni mvaaji anayeinua mkono na kukuta shati linamkataa.

Cherehani: Skrepa. Ulijuaje ipi ni ya kulia?

Skrepa: Si nilikupa mkononi? Nikakwambia, shika, hii ya kulia.

Cherehani: Ulijuaje?

Skrepa akainua kikombe, akanywa. Kilikuwa kitupu.

Spika: Lakini subirini. Ule mpira wa mafuta si ulikuja kinyume, mkaulazimisha kuupinda? Mimi nilimulika pale, nikasema...

Akanyamaza katikati ya neno, jambo ambalo benchi lile halikuwahi kulishuhudia. Mguu wa Gia Tano nao ulikuwa umesimama. Aliitazama nati, kisha akanyoosha mkono taratibu.

Gia Tano: Nipe hiyo, ndugu yangu. Skrepa ataiyeyusha. Neno lako la mwanzo lilikuwa zuri, libaki hilo hilo. Mama ni mtu mzima, usimwongezee.

Cherehani hakuitoa. Kwa siku arobaini alikuwa akimkabidhi Mungu kazi ya mikono yake mwenyewe, na Mungu alikuwa kimya, na yeye akauita ukimya ule faraja. Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo hakumwambia yeyote kati yao.

— Hodi hapa.

Wote wakainuka. Mwanamke mzee alikuwa amesimama barabarani na mkoba wa nguo, kandambili zake nyeupe kwa vumbi.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Nilipata usafiri leo, nikaona kesho ya nini. Ninyi ndio mliomsaidia mkwe wangu gari?

Mama akakaa, polepole, mahali pa Cherehani, na akawaacha wamesimama.

— Sikuja kugombana na mtu. Nina swali moja, linaninyima usingizi. Mwanangu alikuwa mtu wa kusema. Kiatu kikimbana, nyumba nzima inajua. Gari lile aliliendesha wiki nzima kupeleka sare shuleni. Hakusema kitu juu ya breki?

Muuza kahawa akalitikisa birika, na lilikuwa tupu.

Cherehani akaiweka kalipa benchini, kati ya mama na mkoba wake.

— Alisema, mama.

— Alisema nini?

— Alisema breki inazama. Siku ya Jumatano, akiwa amesimama pale mlangoni na funguo mkononi. Nilikuwa naunga kola, sikuinua kichwa.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia, kanyaga mara mbili, itashika.

Mama hakulia. Alitazama mbele, kule barabara inapoanza kuteremka. Kisha mguu wake wa kulia ukabonyeza vumbi, ukainuka, ukabonyeza tena.