Mbalimbali Anashuka Kwenye Gari la Bunduki

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni, dereva wetu Mbalimbali atazima gari na kumaliza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi hapa dukani. Kesho yake, Jumamosi saa nane mchana, anamwoza binti yake wa mwisho. Bosi naye alitaka amwongezee safari moja tu ya kuagia, na safari yenyewe ni ya Jumamosi hiyohiyo. Hapo ndipo maneno yalipoanza, na nitayaeleza.

Ilitakiwa mtu aliyesoma ndiye aandike habari hizi. Nikauliza, hao waliosoma walikuwa wapi? Aliyekaa kiti cha pembeni cha lile gari miaka ishirini na mbili ni mimi, msindikizaji. Nimesindikiza bunduki nyingi kuliko jenerali yeyote mnayemjua, na wala sijawahi kupigiwa saluti. Kwa hiyo mimi nasema, binti wa mapokezi anaandika, na akiona nimetia chumvi aiache palepale.

Kwanza kazi yenyewe, maana wapo wa ofisini humu ambao mpaka leo wanadhani tunabeba mabomba ya maji. Duka letu linauza na kutengeneza bunduki za watu wenye leseni: wawindaji, walinzi wa mashamba, na wale wa klabu ya shabaha wanaotoboa karatasi na kupeana vikombe. Bunduki ikipanda gari letu inapanda kwa sheria. Inafunguliwa mbele ya watu wawili, kila mmoja anachungulia na kutia kidole, mpaka wote waseme haina risasi. Inaingia kwenye sanduku la chuma lililofungwa na bolti sakafuni, inapigwa kufuli. Risasi zina sanduku lao, upande mwingine, na kufuli lao. Ufunguo wa risasi uko kwa dereva, ufunguo wa bunduki uko kwa msindikizaji, ili mtu mmoja asiweze kufungua vyote viwili hata akirogwa. Kibali na orodha ya namba za bunduki viko mbele kwenye bahasha. Gari haliachwi peke yake, na watu hawapungui wawili. Basi, kazi ndiyo hiyo.

Jina la Mbalimbali lilitokana na mzunguko wake wa asubuhi. Analizunguka gari huku anajisemea: bunduki mbali, risasi mbali, funguo mbali, mbalimbali, mbalimbali, kama mtu anayeswaga kuku. Ugonjwa huo akaenda nao mpaka nyumbani. Shemeji yetu, mkewe, anasema tochi iko chumbani na betri ziko jikoni, kwa hiyo umeme ukikatika inabidi kwanza apatikane mtu mwenye tochi ya kutafutia betri. Kibiriti na mishumaa havijawahi kulala rafu moja. Siku moja alikuta sukari imehamishwa mbali na majani ya chai, akamuuliza mumewe, baba nanihii, na hii nayo inalipuka?

Kuhusu mwendo wake, nisamehewe, lakini ukweli usemwe. Mbalimbali anaendesha kama amebeba mayai ya jirani mkorofi. Baiskeli zimetupita. Trekta limetupita, na lilikuwa linavuta trekta lingine. Kuna siku msafara wa mazishi ulitupigia honi tupishe, na mimi niliyemo garini nikaona aibu kumtazama marehemu. Ningekuwa dereva mimi, tungekuwa tunafika jana yake. Lakini haya, magari manne yamechakaa mikononi mwake na hakuna hata moja lililogusa mtu, ng'ombe wala ukuta.

Mke wa bosi alimjua vizuri siku aliyotaka kupakia tenga la nyanya. Gari lenyewe lilikuwa linaelekea njia ya kwao, nafasi ipo, na mwenye nyanya ndiye mwenye duka. Mbalimbali akalitazama tenga, akatoa orodha kwenye bahasha, akaisoma juu mpaka chini kwa utulivu, kisha akamwambia mama, samahani, hizi nyanya sizioni humu, namba zake za usajili ni zipi? Mama alicheka mpaka akakaa juu ya tenga. Nyanya zikaenda kwa basi, na baadhi zikafika zikiwa mchuzi.

Akaja pia mkaguzi mmoja wa polisi, mtu wa miwani, aliyeapa kwamba hakuna gari lisilo na kosa. Alikagua saa mbili nzima. Akalala chini, akapiga sanduku ngumi, akavuta kila kufuli kama anang'oa jino. Mwishowe akainuka kwa furaha: mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umebakiza siku tisa muda wake uishe. Mbalimbali akainama chini ya kiti akatoa mtungi mpya. Yule bwana alivua miwani, akaomba maji ya kunywa. Baadaye akawa analeta askari wanafunzi hapa waje waone upakiaji unavyofanyika. Aliyefundisha ni Mbalimbali, sikatai, lakini aliyeshika sanduku ni mimi, na bila sanduku hakuna somo.

Kwa miaka yote hiyo haijapungua risasi hata moja. Hilo limeandikwa kwenye vitabu vya duka, halihitaji maneno yangu. Linalohitaji maneno yangu ni moja lisiloandikwa popote, na nimelikalia miaka kumi na tisa.

Ilikuwa siku ya harusi ya binti yake mkubwa. Harusi saa nane mchana. Asubuhi kulikuwa na kasafari kafupi, kuchukua bunduki tisa klabuni na kuzileta kwa fundi. Tukaondoka saa kumi na mbili, tukapakia vizuri, na saa tatu na nusu tunarudi, tuko kwenye kizuizi cha polisi barabarani. Mbalimbali alikuwa amekwishanyoa, suti mpya imetundikwa nyumbani inamsubiri. Kulikuwa na foleni, na mimi tumbo lilikuwa limeniita tangu klabuni. Nikamwambia kaka, nishikie huu ufunguo wangu niingie chooni mara moja. Akasema hapana, nikishika zote mbili sheria iko wapi? Utie mfuko wa suruali, huo wa shati hauna kifungo. Nikamjibu, unamfundisha nani kuvaa?

Choo kilikuwa cha shimo. Nilipoinama nikasikia chubwi.

Kurudi garini zilikuwa hatua thelathini, na sijawahi kutembea mbali namna ile. Nilipomweleza, hakupiga kelele. Aliangalia saa tu. Askari wa zamu akataka kuhakiki namba za bunduki kwenye orodha, na sanduku halifunguki. Kukata kufuli barabarani hairuhusiwi bila barua. Kuziacha bunduki kituoni, mkuu wa kituo akasema hapokei sanduku ambalo hajaona kilichomo. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye sefu ya duka, namba za sefu anazijua bosi peke yake, na bosi alikuwa wapi? Harusini, kwa Mbalimbali, anabeba viti, simu ameiacha garini. Duka zima limefungwa, wote wamealikwa. Simu ya shemeji ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chumbani, na muziki umefunguliwa. Tukampa kondakta wa basi barua aipeleke. Nadhani mpaka leo anaisoma.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Yule askari alikuwa na moyo, akamwambia, mzee nenda ukamwoze mwanao, mimi na huyu mwenzako tutalilinda gari. Mbalimbali akamshukuru sana. Akasema, mwanangu, huu mzigo nimeutilia sahihi mimi, siyo wewe. Akavuta kigogo akakaa nyuma ya gari, mgongo umeegemea mlango, mikono juu ya magoti. Saa nane ilipofika alivua kofia, akaishika. Mimi nikajifanya nakagua tairi. Nilikagua matairi yale manne kwa muda mrefu kuliko yalivyotengenezwa kiwandani.

Bosi alikuja kuiona simu yake saa tisa, amepigiwa mara kumi na moja. Saa kumi kasorobo akafika na ufunguo, tai iko begani. Sanduku likafunguliwa, bunduki tisa, namba tisa, zote sawa. Tulipozishusha dukani na kufika harusini, watu walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Aliyemshika mkono bibi harusi alikuwa baba mdogo. Binti mwenyewe alikuwa bado amekaa na gauni lake, viatu amevua, anamsubiri baba yake. Hakulia wala hakununa. Alimuuliza tu, baba, bunduki zimefika salama? Baba akasema zimefika. Basi kaa ule, akamwambia, akamvutia kiti.

Mimi nilikuwa nyuma ya gari la bosi, nimejikunyata kama mwizi wa kuku.

Bosi aliambiwa ukweli siku ileile, maana kazini Mbalimbali hafichi kitu. Nyumbani alisema ufunguo ulipotea, akakomea hapo. Wakwe na majirani wakalimalizia wenyewe kwamba aliyeupoteza ni yeye. Miaka kumi na tisa wanamtania kwenye kila shughuli, mzee wa ufunguo, mzee wa ufunguo, na yeye anacheka nao na mimi nimekaa pembeni nakula. Kwa hiyo binti mkubwa, popote utakaposomewa haya, jua kwamba baba yako hakupoteza kitu. Ni mimi, na mfuko wangu wa shati. Nisamehe, mwanangu. Nilitakiwa niseme siku ileile, lakini mdomo wangu wote huu ukaishiwa maneno.

Sasa turudi Jumamosi hii. Klabu ina mashindano makubwa, bunduki kumi na nne lazima zitoke hapa asubuhi na kurudi jioni. Dereva mpya ni dada aliyekuwa anaendesha lori la maziwa, leseni na vibali vyake vyote viko sawa, lakini bosi roho haikutulia. Akamwomba Mbalimbali, mzee wangu, siku moja tu. Na huyu mtu hajawahi kukataa safari tangu aajiriwe. Siku mbili hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anaosha gari ambalo ni safi.

Nikapita kwao kumsalimia shemeji, nikamkuta binti wa mwisho. Siku ya harusi ya dada yake alikuwa na miaka sita, kashika maua, na anakumbuka kila kitu. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameshazungumza na baba mdogo akae tayari, asije akashtukizwa kama mara ile. Hakuwa analalamika. Alikuwa anapanga tu, kama mtu anayeweka mwavuli karibu na mlango. Niliiacha chai yangu mezani, nikaaga.

Kesho yake nikaingia kwa bosi bila kubisha hodi. Nikamwambia safari ya Jumamosi ni yangu na yule dada, njia ile naijua mpaka mashimo yake kwa majina, na sheria nazijua kwa maumivu. Nikamkumbusha kwamba nimeshashona suti ya harusi hiyo, na nimeshatangazia mtaa mzima kwamba nitacheza mpaka vijana waombe kupumzika. Suti itaenda klabuni. Wenye bunduki nao wana haki ya kuona mtu aliyevaa.

Bosi akasema tumsikie mwenyewe. Mbalimbali akatupeleka uwanjani, mimi na yule dada, akatupakisha na kutupakulisha sanduku tupu mara nne, anauliza na sisi tunajibu, jua linatuchoma. Mara ya tano dada wa maziwa akamwambia, mzee, hata maziwa hayakaguliwi hivi. Mbalimbali akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka wiki nzima. Kisha akachukua karatasi ya safari ya Jumamosi, akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni na tarehe, maana hata kazi anaikataa kwa utaratibu. Akamwambia bosi, Jumamosi sitaweza, namwoza mwanangu. Bosi akampa mkono.

Kwa niaba ya fundi na wenzake, ofisi, mapokezi, bosi na mama wa nyanya, tunakushukuru, kaka. Umetupeleka na kuturudisha, sisi na mizigo ya watu, polepole kuliko nilivyopenda na salama kuliko nilivyostahili. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wenye kelele. Binti wa mwisho, mwambie baba mdogo akae na wageni wengine na ale kwa nafasi.

Na wewe, Jumamosi usinipigie simu kuuliza tumefika wapi. Sitapokea. Ikifika saa nane, mshike mtoto mkono.