Wavu wa Mama Chupa

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya marehemu mke wangu, jioni ya Jumanne tarehe 11 Juni, akiwa kitandani hospitalini, ni kuniuliza kama nimeutazama wavu wake wa mtaroni, nikamjibu kwamba mvua haijanyesha, akacheka, akasema, "Basi ikinyesha, baba watoto, usinidanganye," akalala, na alfajiri akatutoka.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule za hapa hapa na chuo cha ufundi, na tangu mwaka 1984 hadi kustaafu mwaka 2021 alifanya kazi katika maabara ya mitambo ya maji. Tulifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, tukajaliwa mabinti wawili.

Maabara ndiko alikoona vipande vya plastiki, vidogo kama chembe za chumvi, katika maji ya ziwa tunayokunywa, akasema kuokota ufukweni hakutoshi, maana kila mvua inyeshapo taka zinaletwa ziwani na mitaro yetu wenyewe, hivyo akashona wavu, akaufunga kwenye mdomo wa mtaro, akawabembeleza wenye maduka wauze maji ya kujaza kwenye madumu badala ya chupa ndogo. Vijana wa pikipiki walimwita Mama Chupa, wakimuuliza ameokota za nani leo, naye akiwajibu, "Zako, mwanangu, nazijua kwa alama za meno kwenye vifuniko."

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta viti na turubai, na wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza.

Ningependa kuishia hapo, lakini Jumatano ile ile aliyotutoka niliagiza, mimi mwenyewe, katoni za maji ya chupa ndogo, kwa sababu ndivyo tufanyavyo wote misibani na sikutaka ionekane tumewapokea wageni vibaya, mkanywa, nami nikanywa, na jioni mvua ikanyesha.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mtaroni, nikaukuta wavu umejaa chupa za msiba wake, upande mmoja umechanika, na chupa nyingine zinaelea ziwani mbele ya mitambo alikofanya kazi, nikaona aibu ambayo sijui niipeleke wapi, nikavua viatu, nikaingia, nikazitoa, nikaketi ukingoni na sindano yake nikaushona, vibaya, kisha nikaufunga tena.

Pumzika, mama watoto, wavu nimeutazama.